Moyo Wangu Haukuwahi Kuugua, Mama Wairimu

Mama Wairimu,

Binti yako ameniomba ukurasa mmoja. Kamati ya matembezi ya saratani ya matiti inachapisha kijitabu cha kukukumbuka, na wanataka mume wa mwanzilishi aandike maneno machache ya kuwekwa mbele, karibu na ile picha yako ya kilemba cha waridi. "Andika tu kitu kizuri, Baba," Wairimu aliniambia. "Vile Mum alikuwa na roho safi. Usijichoshe." Akaniachia karatasi na kalamu kwenye meza ndogo kando ya kitanda, akaenda mjini kuonana na watu wa kuchapisha fulana.

Sina kitu kizuri cha kuandika. Nimekukasirikia tangu ulipokufa, na kabla ya hapo nilikukasirikia miaka mingi, mezani, kanisani na kitandani, wewe ukijua na kujifanya hujui. Sasa naondoka. Ugonjwa umerudi na umeingia kwenye mifupa. Daktari hakuzungusha maneno kwa sababu nilimwomba asizungushe. Akili bado iko. Nilifundisha historia maisha yangu yote, na sikuwahi kumruhusu mwanafunzi aandike alichotamani kiwe kimetokea. Kwa hiyo hao watakaofungua kijitabu wakitarajia sifa wanivumilie. Barua ni yako, ila nimeiacha wazi.

Waanze kwa kujua hili: mimi, mzee wanayemwona kila mwaka ameketi kwenye hema la wageni akiwapungia mkono watembeaji, ni mgonjwa wa saratani ya matiti. Nilikatwa titi la kushoto nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya wavulana. Nje ya hospitali, aliyejua ni wewe peke yako.

Unaikumbuka siku ya Hurlingham. Tulitoka kwa daktari tukaingia garini, na barabara ya Argwings Kodhek ilikuwa imeshikana magari hata hatukuweza kutoka pale tulipoegesha. Daktari alikuwa ametueleza mambo mawili. La kwanza, kwamba wanaume nao huupata ugonjwa huu, wachache, na kwamba wengi wao huchelewa kwa sababu hawajui kama wana titi la kuugua. La pili, kwamba watoto wetu waambiwe, wa kike na wa kiume, kwa kuwa katika familia nyingine ugonjwa huu hutembea na damu. Uliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayesikiliza tangazo la kanisa. Ndani ya gari ukaweka mkoba mapajani, ukasema, "Tutasema ni moyo."

"Moyo gani?"

"Moyo wako. Umepasuliwa moyo. Kovu si litakuwa upande huo huo? Nani atauliza?"

"Kwa nini tusiseme tu ilivyo?"

"Mwalimu, hebu fikiria wale wavulana wako. Nitajie jina watakalokupa."

Wavulana wale walikuwa wamemwita mwalimu wa hesabu Kiazi kwa sababu ya umbo la kichwa chake, na mke wake mwenyewe akaishia kumwita hivyo. Mimi wangenipatia jina kabla ya gwaride la Jumatatu kwisha. Ulinijua, na ulijua mahali pa kubonyeza. Nikanyamaza, ukauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo, na magari yalipofunguka tukarudi nyumbani Riruta na moyo mgonjwa.

Kanisa zima liliuombea ule moyo. Wazee walikuja sebuleni wakauwekea mikono. Kisha akina mama wa kanisa wakaamua, bila kuniuliza, kwamba mtu wa moyo hali chumvi, na wewe ukawashukuru. Tangu siku hiyo, iwe harusi, iwe mahari, iwe mazishi, sahani yangu ilitengwa na kufunikwa. "Hii ni ya Mwalimu, msiiguse, haina chumvi." Nimekula githeri isiyo na chumvi. Nimekula mukimo usio na chumvi, na mchuzi wa kuku wenye ladha ya maji ya kusuuzia sufuria. Mbuzi akichomwa, wenzangu walinisikitikia huku mafuta yakiwachuruzika vidoleni. "Pole, Mwalimu. Na hizi mbavu zilivyonona!" Siku moja, kwenye harusi ya mpwa wako, nilinyoosha mkono nikaichukua chumvi kwa makusudi, nikikutazama. Meza nzima ilipiga kelele kana kwamba nimeshika bastola. Uliuinua mkono wangu taratibu, ukaniondolea kile kichupa, ukawaambia wageni, "Mwalimu anapenda kujaribu kifo," nao wakakuonea huruma.

Wanaume walianza kunijia kwa ushauri. "Mwalimu, nikipanda ngazi nasikia kama kuna farasi hapa ndani. Wewe ilianza hivyo?" Ningejibu nini? Niliazima kitabu cha magonjwa ya moyo nikakisoma kama anayejiandaa kwa mtihani, ili nisishikwe. Mzee mmoja wa kwaya aliacha sigara kwa kunisikiliza, akanenepa, akaoza— samahani, kalamu imekimbia: akaozesha binti zake wote akiwa hai. Hilo ndilo jema ninaloweza kulionyesha.

Halafu zile dawa za kuzuia saratani isirudi. Zilinitia joto la ghafla, jasho likinitoka katikati ya mahubiri hadi kola ikalowa. Akina mama wa kanisa waliokuwa wakimeza dawa hizo hizo walijipepea kwa vitabu vya nyimbo na kutaniana, "Dada, leo umewashwa na jiko gani?" Mimi nikijifuta uso, wahudumu walikuja mbio. "Moyo umeanza! Fungueni madirisha! Mpisheni Mwalimu!" Walinibeba nje kama kochi. Kijana mmoja akaanza kunifungua vifungo vya shati, na nikakusikia ukija kwa viatu vya visigino ukipiga yowe, "Shati liacheni! Liacheni shati!" Walidhani ni mapenzi.

Na sasa niandike lile ambalo hasira yangu haipendi. Ulinitunza. Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule ulimwaga maji ya kidonda kutoka kwenye mrija niliowekewa kifuani bila kukunja uso, ukanifunga kitambaa safi, ukanifungia tai. Koti langu lilibonyea upande wa kushoto, nawe ukaliona kabla yangu. Ukachukua fulana yangu ya ndani, ukashona mfuko kifuani, ukaujaza pamba. Hadi gwaride linakwisha, pamba ilikuwa imepanda karibu na bega. Ukajaribu njahi, yale maharagwe meusi. Njahi zilitulia, lakini zilinong'ona kila nilipoandika ubaoni, na baada ya wiki kadhaa zikaingia fukusi. Nakuona umekaa ukingoni mwa kitanda, fulana mikononi, wadudu wakitambaa kwenye vidole vyako, ukisema, "Hata fukusi wamekuona mtamu, Baba Wairimu." Tulicheka mpaka nikashika kidonda. Mwishowe ukapata: mtama uliooshwa na kuanikwa vizuri juani ukae chini, pamba ikae juu. Haukupanda wala haukunong'ona. Nilisimama mbele ya shule nzima na hakuna aliyegeuza shingo.

Haukupita muda ukaanzisha kikundi. Kijitabu kitasema ulianza kwa uchungu wa yule mwimbaji wa kwaya aliyefariki kwa ugonjwa huu. Uchungu ulikuwepo, sikatai, lakini mimi najua ulianzia wapi. Ulikuwa umejifunza kuosha kidonda cha aina hiyo, na ulikuwa umejifunza kushona. Akina mama waliorudi kutoka hospitali wakijificha ndani ya sweta hata wakati wa kiangazi, uliwaketisha sebuleni kwetu ukawafundisha: mtama chini, pamba juu. Waliguswa hadi wakalia. "Mama Wairimu, akili hii uliitoa wapi?"

"Mungu alinionyesha," ulisema.

Mungu! Mimi nilikuwa chumba cha pili nikisahihisha mitihani, na mlango ulikuwa wazi. Wanawake wa Kawangware, wa Dagoretti, hadi mabibi wa Karen, wamevaa kitu kilichopimwa kwenye kifua changu, na hukuona haya kumsingizia Mungu.

Kikundi kilifanya kazi. Hilo silifichi, mwongo hapa ni mmoja, na si mimi. Uliwatoa watu pesa mifukoni. Ulisimama juani mjini na mabango mbele ya ofisi za serikali mpaka wakatoka kukusikiliza, kwa sababu waliogopa ungeimba. Wanawake waliokuwa wakingoja kufa katika vyumba vya kupanga walipata matibabu, na wengine bado wanatembea nanyi kila mwaka kutoka katikati ya jiji wakiwa na vitukuu. Najua majina yao. Ndiyo maana nilivumilia. Lakini ulisimama kwenye jukwaa ukapiga kelele, "Aibu inaua kuliko ugonjwa!" na kila mara uliposema hivyo ulitazama juu ya kichwa changu.

Nifike Karen.

Ilikuwa chakula cha mchana cha kuchangia utafiti, kwenye bustani ya yule mama mwenye farasi. Mahema meupe, viti vimefungwa utepe wa waridi, na mimi kwenye safu ya waume na sahani yangu iliyofunikwa. Daktari mtafiti alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Alieleza anachotafuta na kwa nini kinahitaji fedha. Kisha akasema, "Nawatafuta wanaume pia. Wapo. Wanaona aibu, wanatufikia wakiwa wamechelewa. Nikimpata hata mmoja katika Nairobi hii akubali kusimama mbele ya watu, wengine watakuja."

Mama mmoja wa meza ya mbele akasema kwa sauti, "Daktari, wanaume na matiti wapi na wapi? Wangu hata hicho kitambi kinamshinda!" Vicheko vikaanza kutambaa kutoka meza hadi meza, na watu wakakugeukia, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mkononi mwako.

Uliniangalia. Usiku wowote nikifumba macho— hapana, mchana pia, hata sasa hivi, nakuona ulivyoniangalia. Kisha ukainua kile kipaza sauti ukasema, "Daktari, tuachie wanaume wetu. Kila kitu wamechukua, hata hiki nacho wanakitaka?"

Hema zima likaangua kicheko. Yule binti alitabasamu, akakunja karatasi zake, akaketi. Mwanamume aliyekuwa karibu nami alinipiga kofi begani, bega lile la kushoto, akasema, "Mwalimu, mke wako ni moto!" Nami nikacheka. Nilicheka kwa meno yote, Mama Wairimu, na sahani isiyo na chumvi mapajani.

Garini nilikuuliza, "Ulimwona yule binti?"

"Nilimwona."

"Alikuwa ananitafuta mimi."

"Alikuwa anatafuta picha ya kuonyesha wazungu."

"Hukuhitaji kunitaja. Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza wangeshuku." Ulivua viatu ukaanza kukanda miguu, umechoka, ukaongea kama unayemweleza mtoto. "Hawa watu wanatoa kwa sababu wanawaona mama zao. Ukiwaletea mzee mwenye mvi na titi, watacheka, na wakicheka wanafunga mkoba. Unataka akina mama wangu wakose dawa kwa sababu wewe unataka kuonekana?"

Ulikuwa umepiga hesabu, na katika hesabu hiyo mimi nilikuwa kilichotolewa. Labda ilikuwa sahihi. Labda siku ile kweli wangefunga mikoba. Lakini hesabu yako iliwatoa na watoto, nawe ulikuwa umemsikia daktari kwa masikio yako. Wairimu ulimpeleka kupimwa kila mwaka tangu alipokuwa msichana. Ulimwambia binti wa mwenyekiti lazima awe mfano. Mwanao Karanja ulimpa fulana tu ya matembezi.

Nami sikufungua mdomo. Usifikiri najitoa. Lakini leo ni zamu yako.

Ulipofariki walisema ni presha. Ulianguka jikoni ukiwa unapanga chupa za maji za matembezi, na ulikuwa umekwenda kabla gari halijatoka langoni. Wakati wa kwenda kukuvisha ulipofika, tulikwenda wote mochari. Nilikuwa nimekuchagulia gauni la kijani, si lile la waridi, kwa sababu nilitaka siku moja uwe mke wangu tu. Mlangoni akina mama wako wakanizunguka.

"Mwalimu, wewe baki garini."

"Nataka kumwona mke wangu."

"Tunajua, baba, lakini huo moyo. Tukipoteza wawili siku moja tutawaambia nini watoto?"

"Moyo wangu hauna shida."

"Ndivyo wagonjwa wa moyo husema," mmoja alisema, na kwa upendo mkubwa akanirudisha garini, akafunga mlango. Wairimu akanishikia mkono kupitia dirishani, akilia, akiniomba nimsikilize hata mara hii moja. Ningeweza kuufungua ule mlango. Ningeweza kuwaambia kila kitu palepale, kwenye kokoto za mochari. Lakini ulikuwa umelala ndani, huwezi kujitetea, na wao walikuwa wamevaa fulana zenye jina lako. Nikabaki garini. Walikuvisha bila mimi. Jeneza lilifungwa, na hadi leo uso wako wa mwisho ninaoujua ni ule wa jikoni, ukiniuliza kama nimeona mkasi.

Hilo, mke wangu, ndilo ninalokudai.

Sasa mwanao. Majuzi, Jumapili, alikuja kula nasi pamoja na mkewe Nyambura. Karanja unamjua: mwili wa kujaza mlango, duka lake la simiti na mabati linamtosha na kumzidi, na kila mwaka ndiye anayeendesha gari la maji nyuma ya watembeaji. Ile karatasi yenu ya kujipima anaijua kuliko katekisimu. Nimemsikia sokoni Kangemi akiwaambia wauza mboga, "Mama, umejikagua mwezi huu? Tumia vidole vitatu, zunguka pole pole." Wanamcheka, lakini wanajikagua.

Tulipokuwa tukila aliinama kuchukua kijiko, nikaona doa dogo la hudhurungi kwenye shati lake, kushoto.

"Hiyo ni nini?"

"Ah, hii? Kijipu tu, Mzee."

"Kimekaa sana hicho kijipu," Nyambura akasema. "Na chuchu imeingia ndani. Nimemwambia aende aonwe. Ati ni msuli, ati ni kubeba simiti."

"Kwani simiti huwa naibeba na nini, si kifua hiki?" Karanja akajibu, akicheka na mdomo umejaa. "Wewe unataka nikapange laini na akina mama nipigwe picha ya matiti? Nyambura, hata Mum angekucheka."

Niliweka kijiko chini. "Mama yako alijua," nikasema.

"Alijua nini?"

Nikafungua shati langu. Vifungo vilinishinda, Nyambura akanisaidia, hajui anasaidia nini. Wajukuu walikuwa nje wakicheza. Karanja alitazama lile kovu kwa muda mrefu, jinsi linavyokwenda kutoka katikati ya kifua hadi kwapani, bila chuchu, na nikaona akilifuata kwa macho akitafuta moyo.

"Madaktari wa moyo hukata hivyo?" akauliza taratibu.

"Hapana."

Chakula kilipoa. Niliwaambia yote, hadi njahi, na Nyambura ndiye aliyecheka kwanza, kisha akajifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Siku iliyofuata nilikwenda na Karanja hospitalini Parklands, ingawa Wairimu alipiga simu kusema mgonjwa hapaswi kumsindikiza mgonjwa. Chumba cha kungojea kilijaa wanawake: wa mtandio, wa sari, mmoja wa sare za shule akiwa na mama yake. Kila kiti kilikuwa na mtu. Msichana wa mapokezi alimtazama Karanja, kisha akatazama nyuma yake.

"Mama yuko wapi?"

"Mama gani?"

"Mgonjwa. Anayepigwa picha."

Na mwanao, jitu zima lile, akainama akasema kwa sauti ya chini, "Nimemleta huyu mzee."

Ilikuwa kama kukusikia wewe. Ulimi ule ule, wepesi ule ule. Nikaushika mkongojo wangu kwa mikono miwili, na kwa sauti niliyokuwa nikitumia kwenye gwaride, nikasema, "Mgonjwa ni yeye. Ana uvimbe kwenye titi. Mimi ni baba yake, na langu lilikatwa zamani."

Hakuna aliyecheka. Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko hicho tangu siku ya Hurlingham, na hakikuja. Msichana wa mapokezi alisema, "Sawa, baba," akaandika. Mama mmoja wa makamo, Mluhya kwa lafudhi yake, aliondoa kikapu chake kwenye benchi, akamwambia Karanja, "Keti hapa, mwanangu. Ile mashine ni baridi kidogo, lakini haiumi vile wanasema." Akasogea, na wenzake wote wakasogea, benchi nzima, mpaka nafasi ya mwili ule ikapatikana.

Majibu yalitoka wiki hii. Ni ugonjwa ule ule. Daktari anasema ni mdogo bado, haujatoka mahali pake, na kwamba tungechelewa kidogo tu angekuwa anatueleza mengine. Atapasuliwa wiki ijayo. Damu yake na yangu zimechukuliwa kwa ajili ya utafiti, na Wairimu ataambiwa kilichoonekana, pamoja na wajukuu wakikua, wa kike na wa kiume. Maneno hayo niliyatamka mwenyewe: wa kike na wa kiume.

Wairimu alisoma kurasa hizi jana akiwa amesimama. Alipofika mahali pa mochari aliketi. "Baba, wafadhili watasoma hii," alisema, na kwa kitambo nikadhani umefufuka. Nikamwambia ichapishwe yote, au ukurasa wangu ubaki mtupu. Alitoka hadi uani, akazungukazunguka kwenye kamba za kuanikia nguo, akiongea na simu, akipaza sauti, sijui na nani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Itaingia," akasema. "Na Karanja anasema mwaka huu haendeshi gari la maji. Akipona atatembea mbele."

Sijui kama nitakuwepo.

Tulipokuwa tukirudi kutoka kwa daktari, Karanja aliendesha hadi Westlands. Hapo akaniuliza, "Mum alijua kabisa kwamba mimi pia naweza?"

"Aliambiwa nikiwa nimeketi kando yake."

Taa zilikuwa zimegeuka kijani na wa nyuma walipiga honi, lakini hakuondoka. "Angeniambia tu, Baba," akasema. "Mimi nisingecheka."

Hayo ni maneno ya mwanao, nimeyaandika kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Yangu umeyasikia. Msamaha sijauandika humu, kwa sababu bado sinao, na sitaki kuweka kwenye karatasi kitu nisichokuwa nacho. Karibu nafika huko uliko. Hapa wanatuhubiria kwamba huko hakuna machozi wala ugomvi. Sisi wawili tutaomba kwanza chumba cha pembeni, na mlango ufungwe. Anza kutafuta majibu.

Mume wako, bado,

Baba Wairimu